Alama ya Chaki Kwenye Distribyuta

4 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo natimiza siku ishirini na mbili nikiwa mke wa mtu, na bado nikiamka namtazama aliyelala pembeni yangu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani, anaogopa mwenye nacho asije akatokea kukidai. Anakoroma, ndiyo. Lakini anakoroma kwa mpigo mmoja sawasawa, kama injini ya silinda nne iliyotoka sevisi. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akamwaga chai kwenye shuka. Nikalifua hilo shuka huku naimba, Baba. Mimi, niliyekuwa nanung'unika kufua ovaroli zako!

Najua unasema, "Spana, punguza maneno, sema kilichoharibika." Nakuja huko. Ningepiga simu, lakini masikio yako yameliwa na injini za watu. Mara ya mwisho jirani yako ndiye aliyenisikia, wewe ulikuwa unaitikia tu.

Vyumba vyetu ni viwili na ua mmoja, na kwenye ua huo kuna gari. Ni lile la marehemu baba yake, rangi ya maziwa, taa za mbele za mviringo, limefunikwa turubai miaka tisa. Viti vyake alivishona mume wangu akiwa na miaka kumi na saba. Ndiyo kazi yake ya kwanza ya ushonaji. Baba yake alikaa, akasogeza makalio kulia, akasogeza kushoto, akasema, "Haya, wewe ni fundi." Hakuwahi kumsifia tena, wala haikuhitajika. Sasa mama mwenye nyumba anataka kujenga vyumba pale uani, na ametupa hadi tarehe thelathini. Mtu wa vyuma chakavu ameshakuja na kamba akalipima kama anayelishonea sanda. Mume wangu akamtazama, akasema, "Hili litatoka hapa kwa miguu yake." Baba, nilitaka kumkumbatia pale pale mbele ya wageni!

Shida ni kwamba hajui magari. Siku ya posa ulipomuuliza, "Magari unayajua?" akajibu, "Nayajua, Baba," nilijua hayajui. Anayeyajua hajibu haraka vile. Jana aliifungua kabureta akaitandaza kwenye meza ya chakula, vipande vyote juu ya kitambaa, kila kimoja na alama yake ya chaki, kama suruali inayosubiri kushonwa. Nikaona raha kumtazama. Kisha akaishika jeti, kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli, akaiona imeziba kwa petroli ya zamani iliyoganda, akachomoa sindano ya kushonea kwenye ukosi wa shati lake, akaizibua. Sindano ya chuma, Baba! Kwenye jeti! Niliuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya damu.

Lakini shangazi aliniusia nikiwa navaa siku ya harusi: "Mwachie mumeo kitu kimoja nyumbani ambacho yeye ndiye fundi wake." Basi nimemwachia gari. Mchana akiwa kibandani kwake kwenye cherehani, mimi narekebisha kidogo kidogo. Hajui. Usiniambie ni vibaya, niambie tu nifanyeje kuhusu jeti.

Mwanao mwenye furaha kupita kiasi,
Spana

*

8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Nimeisoma yote, pamoja na ya kukoroma.

Jeti iliyochokonolewa na sindano haifai tena. Tundu limepanuka, itanywesha injini petroli kuliko inavyoweza kumeza, plagi zitakuwa nyeusi. Kwenye bahasha hii, ndani ya kitambaa, nimekuwekea nyingine. Nimeitoa kwenye kopo langu la kahawa. Ifunge kwa mkono kwanza, ndipo utumie bisibisi. Angalia pia boya la ndani ya bakuli la kabureta. Litikise sikioni. Ukisikia petroli inacheza ndani, limetoboka.

Ukimaliza kabureta, kagua moto. Platini za ndani ya distribyuta, zile ncha zinazoachana ili cheche iruke, zisugue kwa msasa laini, pengo lake lipime kama nilivyokufundisha. Kama huna betri, tumia kile kikaratasi chembamba. Unakikumbuka.

Kuhusu shangazi yako: yeye ameolewa mara tatu.

Gari likitembea, lileteni hapa. Banda lina nafasi. Tangu uondoke ile kona yako sijaweka kitu.

Baba yako

*

12 Juni

Baba mpenzi,

Jeti imeingia! Boya ni zima, nililitikisa kama mtoto anayetikisa njuga, kimya kabisa. Jioni mume wangu aliporudi nikawa nimeketi mlangoni nachambua mchele, mtakatifu kama malaika. Akaikagua kabureta, akaipuliza, akasema, "Unaona, mke wangu? Sindano ndiyo dawa." Nikasema, "Nimeona, mume wangu." Nikainama kwenye ungo nisionekane nacheka.

Sasa niko kwenye moto. Betri ni ya zamani, kila asubuhi anaisukuma kwa mkokoteni kwa mtu wa kuchaji na kurudi nayo jioni, kwa hiyo mchana sina hata cheche. Nafanya kwa kikaratasi. Nimezungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu, nikabana kikaratasi katikati ya platini, nikaigeuza distribyuta taratibu, taratibu, mpaka kikaratasi kikaachia. Hapo ndipo cheche inapotakiwa kuruka. Nina hakika, Baba. Vidole vyangu vilijua kabla ya macho.

Nyaya za plagi zilikuwa zimepishana, nikazipanga. Jinsi alivyo nadhifu, kila waya amefunga kitambaa alichotarizi namba. Amezitarizi, Baba, kwa uzi mwekundu! Nilihamisha vitambaa pia ili zisomeke sawa.

Jioni ananiita nikae kwenye usukani nigeuze ufunguo yeye akiwa mbele. Boneti ikiwa juu simwoni, naona viganja vyake tu pembeni. Nasikia anasema, "Haya, mpenzi!" nageuza. Na nakuapia, hata lingekuwa halina injini ningegeuza tu, kwa jinsi anavyolisema hilo "haya, mpenzi".

Lakini haliwaki. Linakohoa, linapiga mshindo kwenye kabureta, linanyamaza. Nimekosea wapi?

Spana wako

*

15 Juni

Kwa Baba Mkwe,

Shikamoo Baba. Natumaini u mzima. Huku sisi wazima na binti yako ananifanya nijione mfalme katika vyumba viwili.

Baba, naandika kwa siri na kwa aibu. Siku ile uliponiuliza kama nayajua magari nilikujibu nayajua. Sikuwa nayajua. Ninachojua ni kitambaa. Niliona mikono yako ilivyo, nikaona na ya binti yako, nikahisi nikisema ukweli mtanihesabu mtu pungufu. Naomba msamaha. Ningemwomba yeye anisaidie, maana amekulia karakana, lakini kila jioni ananitazama kwa macho ya kuniamini, na mimi nashindwa kuyazima macho hayo.

Nina swali moja. Mimi sigusi kitu kabla ya kukiwekea alama. Ndiyo kazi yetu: bila chaki, mkasi hauendi. Distribyuta niliiwekea mstari wa chaki siku ya kwanza kabisa, mahali pale pale nilipoikuta, ili isihame. Sasa kila jioni nikirudi naikuta imesogea nje ya mstari, upana wa kifungo cha shati. Nairudisha kwenye mstari, nakaza. Kesho yake imesogea tena. Hata namba za waya nilizotarizi siku moja nilizikuta zimebadilishana, nikazirudisha nilivyozikuta mwanzo.

Je, Baba, distribyuta huweza kusogea yenyewe? Au gari hili linanikataa kwa sababu nilisema uongo?

Mkweo,
Fundi Cherehani

*

17 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba. Kuhusu siku ya posa, nilijua. Ulikuwa na kucha safi. Sikumpa binti yangu fundi magari, karakana yangu ilikuwa na wawili tayari. Nilimpa mtu aliyesimama mvua ikinyesha kumshonea mkanda wa ovaroli uliokatika bila kuombwa.

Kuhusu swali lako: hapana. Distribyuta iliyokazwa haisogei yenyewe.

Fikiria hapo.

Baba mkweo

*

21 Juni

Baba, Baba, Baba,

Mambo yameharibika na sijui nianzie wapi. Tumekuwa na siku yetu ya kwanza ya kutoongea. Siku nzima! Usifikiri tumegombana. Yeye amekasirika na dunia, mimi naogopa dunia hiyo ni mimi.

Sijui amesoma wapi au kaambiwa na nani, lakini juzi alisimama mbele ya gari muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kuna mtu analichezea. Mtu anafungua boneti mchana nikiwa kibandani." Nikataka kusema. Midomo ikafunguka. Kabla sijatoa neno akasema, "Ni mama mwenye nyumba. Anataka uwanja wake." Akatoka na hatua zile ndefu, nikamsikia ukutani kwa huyo mama, anayeishi jirani.

"Mama, nakuheshimu, lakini gari langu uliache."

"Gari lipi?"

"Unalijua."

"Mwanangu, hilo bati lako mimi nililigusia nini? Kwani linatoa maziwa?"

"Kila siku linasogezwa vifaa, mama. Na aliye nyumbani mchana ni wewe."

"Na mkeo je, anaishi mwezini?"

"Mke wangu usimtaje!"

Alinitetea, Baba! Mimi niliye mwizi mwenyewe! Nilikaa kitandani nimeziba uso kwa mto. Mama mwenye nyumba hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Alisema tu, "Basi, sawa. Nilisema tarehe thelathini. Sasa ni ishirini na nane, na mtu wa vyuma atakuja saa nne asubuhi." Mume wangu kanunua kufuli, kapiga matundu mawili, kafunga boneti. Ufunguo anauvaa shingoni kwa uzi mwekundu uleule wa namba.

Tangu hapo tunakula bila maneno. Jioni haniiti tena kugeuza ufunguo. Anageuza mwenyewe, anakimbia mbele, anarudi, kama mtu anayefukuza kuku wawili. Nampenda mpaka kifua kinauma. Nikimwambia, atajua kwamba kila nilipokuwa nachambua mchele nilikuwa namdanganya, na kwamba amemvunjia heshima mama wa watu kwa sababu yangu. Nisipomwambia, Jumapili ijayo wanalikata viti vikiwa ndani.

Niambie la kufanya. Safari hii usinitumie kifaa.

Mwanao

*

24 Juni

Kwenu wote wawili,

Barua hii ifunguliwe mkiwa pamoja, mmoja asome kwa sauti, mwingine akae. Asiyesoma asidakie.

Nimekuwa sanduku la posta la nyumba moja. Mtu analala na mwenzake kitanda kimoja, halafu anapeleka maneno yake safari ya siku mbili kwa mzee asiyesikia. Mimi nina kosa langu pia. Kwa mmoja nilituma jeti kisiri, kwa mwingine nikajibu nusu, nikidhani nina akili. Nusu ile imemfikia mama mwenye nyumba asiye na hatia. Mniombee radhi kwake.

Sasa kazi. Fungueni kufuli.

Mkwe wangu, chukua kitambaa kibichi ufute chaki yote kwenye injini. Yote. Chaki yako ni nzuri kwa nguo, maana nguo unaianza ikiwa nzima. Gari hili liliegeshwa likiwa bovu. Ulichokifanya ni kuweka alama pale ubovu ulipokuwa, na kila jioni ukaurudisha ubovu mahali pake kwa uaminifu mkubwa.

Mwanangu, wakati anafuta, mwambie kwa nini distribyuta ilikuwa inahama. Usinisubiri mimi niseme.

Kisha badilishaneni nafasi. Binti asimame mbele ashike distribyuta, nati isikazwe sana. Mume akae kwenye usukani na ufunguo. Boneti iwe juu lakini msemezane. Atakayeshika asikilize, atakayegeuza amtii. Likiwaka, msilishangilie kabla ya kukaza nati.

Mkishindwa, mtakuwa mmepoteza gari tu.

Baba

*

27 Juni

Baba yangu, Baba yetu,

Barua yako ilifika jana saa tisa mchana. Nikaipeleka kibandani kwake bila kuifungua, maana bahasha iliandikwa majina yote mawili. Akasimamisha cherehani. Akaisoma yeye, mimi nikakaa juu ya robota la vitambaa. Alipofika kwenye "kila jioni ukaurudisha ubovu mahali pake" akaacha kusoma kwa sauti. Akasoma tena kimoyomoyo. Kisha akafunga kibanda, mteja mmoja akiwa bado ana pini begani. Tulimwita arudi tumtoe pini.

Tukapitia betri kwa mtu wa kuchaji, na nyumbani akafungua kufuli, akachukua kitambaa, akaanza kufuta. Nikasema, "Ni mimi." Akaendelea kufuta. Nikasema yote, Baba, jeti, kikaratasi, waya, mchele. Nikamwambia na ya shangazi. Akafuta mpaka chuma kikang'aa, na mimi nikawa nasubiri kama mtu aliyepelekwa kwa mwalimu mkuu.

Mwishowe akauliza, "Kwa hiyo jeti niliyoizibua kwa sindano..."

"Niliibadilisha."

"Na nikajisifu."

"Ulijisifu sana."

"Na wewe ukaniambia nini?"

"Nikasema, 'Nimeona, mume wangu.'"

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Nilidhani analia. Akainua uso nikaona anacheka, na analia pia, vyote viwili. Akasema, "Mimi nilimwandikia baba yako kumuuliza kama gari limenikataa." Kabla ya barua yako sikujua kama alikuandikia! Nikakaa naye vumbini. Akasema, "Nilidhani ukijua sijui, utaniona mdogo." Nikamwambia, "Nilijua tangu siku ya posa, na nikaja." Akanishika mkono wenye madoa ya grisi, akaugeuzageuza kama kitambaa ambacho hajawahi kukikata.

Tukaanza kwa kumtembelea mama mwenye nyumba. Mume wangu alipiga magoti. Mama akasema, "Inuka huko, unanichafulia mkeka. Mimi hata jiko la gesi naogopa kuliwasha, nitagusa injini?" Alitusamehe, lakini tarehe hakuirudisha. Alisema msamaha ni wake, fundi ujenzi ameshapanga siku zake.

Ndipo nikazipanga upya nyaya za plagi, nikasimama mbele, yeye kwenye usukani. Nikasema, "Haya, mpenzi!" Mara hii mimi ndiye niliyesema! Injini ikakohoa. Nikaisogeza distribyuta upande wangu, upana wa kifungo. Ikakohoa kwa nguvu zaidi. "Tena!" Akageuza. Nikasogeza unywele mmoja, na Baba, likawaka. Likaunguruma, likatoa moshi mweusi wa miaka tisa, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mume wangu akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Nishangilie?" Nikapiga kelele, "Ngoja nati!" Nikakaza. Ndipo tukashangilia.

Jioni tulilitembeza hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Breki zinavuta kulia. Gia ya tatu inahitaji kubembelezwa. Dirisha la upande wangu halipandi, na mume wangu ameshalishonea pazia. Mtu wa vyuma alikuwa dukani, akatuona tukipita, akavua kofia.

Kesho Jumapili, alfajiri, kabla ya saa nne ya mtu wa vyuma, tunaondoka kuja kwako. Tutapokezana usukani. Tumekubaliana kwamba yeyote atakayesikia mlio asioupenda atasema hapo hapo, hata kama mwenzake ndiye aliyeusababisha.

Barua hii naituma leo, najua tutaipita njiani. Ukiipokea tukiwa tumeshafika, mume wangu atakusomea kwa sauti mimi nikioga. Lakini ukiipokea na uwanja wako bado mtupu, usikae kuandika jibu. Beba boksi la zana na chupa ya maji, shika barabara kuu ya kuja huku. Utatukuta pembeni, boneti ikiwa juu, wote wawili tumeinama ndani yake.

Wanao,
Spana na Fundi Cherehani